Konzi

Kabla ya maji kuchemka, kopo.
Nachovya mkono guniani, nafumba,
natoa konzi moja ya mchele,
naidondosha: chwaa,
kama mvua inapoanza juu ya bati.
Asubuhi konzi, jioni konzi.
Jumamosi akina mama wa kanisa hupita
nyumba hadi nyumba na vikapu vya mianzi.
Hivi ndivyo sisi wa vilima vya Mizoram
tulivyolipa walimu, tukaezeka makanisa,
konzi kwa konzi, bila tajiri hata mmoja.

Dinga sikumfundisha kwa maneno.
Maneno yangu huishia kwenye vaa viatu,
funga mlango, ukungu unaingia,
mwachie dada yako nywele zake.
Sala ya chakula naisema mbiombio,
jicho moja limefumba, la pili liko kwenye mchuzi.
Baba yake, Hmunsiama, ni besi ya kwaya;
nyumbani hukoroma katikati ya zaburi.
Mtoto aliyaona yote hayo.
Aliniuliza mara moja tu, ana miaka minne:
"Mungu ana meno?"
Nikasema, "Kula."

Mwaka ule mlima ulimeguka.
Ulishuka na barabara, na kibanda cha chai,
malori ya mchele yakakwama ng'ambo
siku kumi na tisa.
Nikalipandisha gunia darini, mbali na panya,
nikawa napima kwa kikombe,
kisha kwa jicho,
kisha kwa hofu.
Jumatatu nililiruka kopo.
Nikajisemea, Mungu anaona, ataelewa,
na papo hapo nikatamani asione.
Jumanne vilevile.
Kufika Jumatano mkono wenyewe
ulishaisahau njia.

Jumamosi, Pi Darthuami yuko mlangoni,
nikalifunua kopo nimwonyeshe lilivyopungua.
Harufu ikanirudisha nyuma.
Ukungu. Si ule wa vilimani unaoondoka saa nne:
huu ni wa kijani, wenye manyoya,
umelala juu ya wali,
wali, si mchele,
madonge madonge yenye alama za vidole,
na konzi zangu za wiki iliyopita
zimeoza chini yake.

"Dinga!"
Akaja na soksi moja.
Mkono wangu ulikuwa juu, vifundo vimejipanga,
konzi ya utosini, kama zile za baba yangu.
"Nani kamwaga chakula humu?
Chakula, na njaa hii?"

"Sijamwaga," akasema. "Nimeweka.
Wewe ulisahau, mama. Kila siku.
Na darini sifiki.
Nikatoa kwenye sahani yangu."

Mimi nina konzi hewani.
Yeye ana konzi zake koponi.
Sikumbuki niliushushaje mkono ule,
nakumbuka tu kwamba niliushusha polepole
na ukakosa pa kukaa,
nikaushikisha kwenye aproni.
Nilikumbuka pia sahani yake, wiki nzima,
nilivyomsifu kwa kumaliza haraka.

Pi Darthuami alinusa, akakohoa,
akalikung'uta kopo lote kikapuni.
"Nguruwe wangu hawachagui," akasema.
Hakuuliza kitu.
Mama wa watoto saba haulizi.

Nikalisugua kopo kwa majivu,
nikaliegemeza ukutani, mdomo wazi, likauke.
Jioni nikamnyanyua Dinga hadi darini.
Alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko,
akafumba.
Konzi yake ni ndogo kama yai la kwale,
na nusu ilivuja njiani;
dada yake akaziokota chenga sakafuni,
mbili akazitafuna.

Juu ya kopo akasita.
"Lakini mama, huu haujaiva.
Atakulaje?"

Maji yalikuwa yanatokota.
Nikafumba macho yote mawili.
"Sijui," nikamwambia. "Weka."